Kadi Nilizofunga Kwenye Vigoda

Mimi ni fundi wa kuchonga, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi yangu inaishia pale msasa unapoishia. Nachonga vigoda, miiko, vijiko, bakuli, na vile vyombo vya maziwa tunavyoviita ebyanzi, ambavyo siku hizi watu wengi wanavinunua wapambie sebule kuliko kuwekea maziwa. Mtu akinikuta bandani kwangu Kihanga, nyuma ya migomba, tezo mkononi na vumbi la mbao kwenye nyusi, ataondoka akidhani ameonana na mtu wa maana. Mtu huyohuyo akinikuta sokoni Nkwenda nyuma ya meza ileile ya vitu vyangu, ataniomba nimwitie mwenye biashara.

Mwenye biashara alikuwa mke wangu. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani, wengine wakadakia, na siku ya soko ilikuwa inatangulia mbele yetu kama watu wawili waliokuja mapema. Sijawahi kumwona akiuza kigoda kwa kukisifia. Alikuwa anamuuliza mteja habari za nyumbani, za mifugo, za mvua ya kwao, mpaka mteja mwenyewe anakumbuka kwamba nyumbani hana pa kukalia. Kisha wanaanza kuvutana bei, wanacheka, wanakasirika kidogo, wanacheka tena. Kwetu huku mtu akinunua bila kuvutana bei anaondoka na wasiwasi kwamba kuna kitu hakuambiwa.

Mimi nilijificha nyuma ya methali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nilikuwa nikimwambia kila aliponiomba nimsaidie kuita watu. Naye alikuwa na jibu lake: "Chema chako kiko bandani tangu masika, baba watoto. Kinajiuza kwa mchwa."

Wakati wa kurudi nyumbani, tukiwa nyuma ya gari la mnunuzi wa maharage, alikuwa akinisimulia soko zima upya, nani alisema nini, nani alijifanya hana hela, nani alikuwa anamnunulia nani. Mimi nilikuwa nafumba macho najifanya nimelala. Nilikuwa fundi hodari wa hilo pia.

Kisha shingo yake ikavimba. Uvimbe ulianza kidogo, yeye akaufunika kwa kitenge, ukaendelea chini ya kitenge. Hospitalini waliuita rovu na wakasema utolewe. Daktari alituweka chini kabla ya siku yenyewe akatueleza vizuri kwamba mshipa wa sauti unapita jirani na pale, kwa hiyo sauti inaweza kuchoka kwa muda, au ikabadilika. Upasuaji ulikwenda salama. Mke wangu aliamka, akanywa uji, akapona kidonda. Lakini alipofungua mdomo kuongea, kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama mlango wa banda langu ambao kila siku nasema nitautia mafuta.

Daktari alisema aipumzishe sauti, arudi baada ya miezi kadhaa, huenda ikarudi, huenda isirudi. Kwa mtu mwingine sauti ni sauti tu. Kwa mke wangu ilikuwa kazi, ilikuwa kwaya, ilikuwa ndiyo namna watu wa Nkwenda wanavyomtambua kabla hawajamwona. Aliacha kwenda kwaya. Wageni wakija alikuwa anaitika kwa kichwa na kutabasamu, halafu anakwenda jikoni na kukaa huko mpaka waondoke. Swali lililokaa nasi nyumbani lilikuwa moja, na hakuna aliyelitaja: je, atarudi nyuma ya meza yake, au ndiyo basi?

Wakati tukilisubiri jibu, meza ilinihitaji mimi. Naomba nisieleze yote.

Mwanamke wa kwanza aliinua mwiko akasema, "Huu mbona umepinda?" Mke wangu angemjibu kwamba na sufuria nayo ni ya mviringo. Mimi nilimshukuru kwa kuona. Nikamweleza kwamba kweli umepinda, kwamba mti ule ulikuwa na fundo, kwamba nilipofika kwenye fundo nilikuwa na haraka, na kwamba nina wasiwasi kidogo na mpini pia. Alinisikiliza kwa heshima, akaurudisha mwiko mezani taratibu kama anarudisha mtoto wa watu, akaenda zake. Mwingine alitaja bei ya chini, nikaona ananidharau, nikanuna. Alipoanza kuondoka nikamfuata mpaka kwa wauza dagaa nikampa kwa bei ya chini zaidi ya ile aliyoitaja yeye. Jirani yangu wa sokoni, mama anayeuza maharage, akasema bila ubaya wowote, "Baba, wewe ungekaa nyumbani uugue, mgonjwa aje auze."

Ndipo nikaenda kwenye semina. Ilikuwa semina ya ujasiriamali, pale kwenye ukumbi wa parokia, na ingawa mimi ni Mlutheri nilikaribishwa kama wengine na nikapewa soda. Mkufunzi alikuwa kijana wa Bukoba mwenye tai na Kiswahili kilichonyooka. Alisema bidhaa isiyojieleza ni bubu. Alisema tuandike kadi ndogo, tuifunge kwenye bidhaa, iseme kitu hiki ni nini, kimetengenezwa kwa kitu gani, kinatunzwaje. Maneno machache, alisema, yanayosomeka mtu akiwa amesimama. Nilisikia yote isipokuwa hilo la uchache.

Nilirudi nyumbani mtu mpya. Hapa palikuwa na njia ya kuuza bila kufungua mdomo. Nilinunua karatasi za manila, nikazikata, nikatoboa tundu kila moja, nikasokota kamba za nyuzi za mgomba za kufungia. Mwandiko wangu ni mzuri, na mtu mwenye mwandiko mzuri hana breki. Kadi ya kwanza, ya mwiko wa kawaida kabisa wa kusongea ugali, ilianza hivi: "Ndugu mteja, mwiko ulioushika umetokana na mti wa musambya uliopandwa na marehemu babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mtu wa subira." Ilijaa mbele, ikaendelea nyuma, na kule nyuma babu bado alikuwa kijana.

Sokoni zilipendwa sana. Watu walikuja kuzisoma. Mwalimu mmoja alizisoma zote, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza, akanisahihisha herufi kubwa mahali pawili, akaniambia, "Asante, mzee, nimejifunza," akaenda kununua vitunguu. Watu wawili walisoma kadi moja kwa pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mchana mzima meza yangu ilikuwa maktaba, na kama maktaba nyingine, hakuna aliyetoa hela. Kwenye baadhi nilikuwa nimeandika chini kabisa, kwa herufi nene, "Bei haipungui." Nilidhani nimepata dawa ya kuvutana bei. Wateja walisoma hilo la mwisho wakanitazama usoni waone ni mtu wa namna gani huyu anayekataa kusalimiwa. Mama wa maharage aliniambia maneno hayo kwetu ni sawa na kumfungia mgeni mlango huku unamwona dirishani.

Basi nikajifunza kupunguza. Nilimwondoa babu. Niliondoa hilo la bei. Ikabaki aina ya mti, matumizi, na namna ya kutunza: usilaze kwenye maji, paka mafuta ya kupikia mara mojamoja, usianike juani. Na hapo, sijui niseme nini, kadi zikaanza kuuza. Walionunua zaidi ni wale wa safari, wanaolala gesti usiku mmoja wakielekea mpakani, watu wenye haraka ambao hawana muda wa kuulizwa habari za ng'ombe wao. Walishika, walisoma, walilipa. Nilianza kutembea tofauti. Nilianza kutoa ushauri kwa wauza vikapu.

Nilirudi nyumbani siku moja nikamwambia mke wangu kwa furaha zote, "Leo nimeuza vigoda vyote na sikufungua mdomo hata mara moja." Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Nikadhani hajasikia, nikarudia, nikaongeza kwamba kwa mwendo huu hata akipumzika mwaka mzima hakuna shida. Akaweka kisu chini, akaenda kuangalia moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mimi nikala ndizi mbichi kwa macho, nikisubiri sifa.

Siku ya soko iliyofuata alikuja nami. Alijifunga mtandio shingoni, akatandika mkeka wake nyuma ya meza, akakaa. Mteja alikuja, akainua bakuli. Nilimwona mke wangu akiinuka kidogo, akivuta pumzi kama anavyofanya kabla ya kuanzisha wimbo. Mteja alikuwa ameshaanza kusoma kadi. Alisoma, akauliza tu alipe kwa simu au taslimu, akaondoka. Mke wangu akaishusha ile pumzi na kurudi chini. Niliona yote hayo kwa macho yangu mawili mazima, na nilichofikiri ni kwamba, vizuri, anapumzisha sauti.

Mtu anayeuza vizuri hutafuta la kujiharibia. Mimi nililipata kwenye vigoda. Niliona kwamba kadi ya kigoda ni fupi mno, haina hadhi. Mwiko una maelezo, bakuli lina maelezo, kigoda kimeandikwa "kigoda." Na mimi kwa wakati huo nilikuwa mwandishi. Zamani ningemuuliza mke wangu, lakini mwandishi haulizi mtu anayemenya ndizi. Nikaandika: "Hiki ni kigoda cha mwenye mji. Kwa mila zetu, mzee akishazikwa, mrithi wake hukalishwa juu ya kigoda hiki mbele ya ukoo wote, na hapo mji hupata baba mpya." Nikaisoma mwenyewe mara kadhaa. Ilinisisimua.

Kila neno pale ni la kweli, na ndiyo tatizo lenyewe. Huku kwetu kila mtu anajua hayo, na kwa sababu kila mtu anayajua, hakuna anayeyasema akiwa ameshika kigoda. Mke wangu aliuza vigoda miaka yote ile na sikumbuki akimtaja mrithi. Kigoda cha kuotea moto, alikuwa akisema. Kigoda cha kukamulia. Kigoda cha mgeni asiyeondoka.

Karibu na sikukuu kijana mmoja anayefanya kazi Mwanza alisimamisha pikipiki mbele ya meza, mizigo imemzunguka. Alisema anampelekea baba yake zawadi. Alichagua kigoda kizuri kuliko vyote, cha mvule, miguu mitatu. Hakuisoma kadi, alikuwa na haraka ya kufika kabla ya mvua. Nilimkazia kamba vizuri ili kadi isidondoke njiani.

Baada ya sikukuu, siku ya soko, pikipiki nyingine ilisimama. Aliyeshuka alikuwa mzee wa makamo ya juu, koti, kofia, fimbo, na kigoda changu amekipakata kifuani. Kadi ilikuwa bado inaning'inia. Moyo wangu ulifurahi. Nilidhani nimepata msomaji.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Ni mimi, mzee."

"Soma."

Nikasoma. Nilianza kwa sauti nzuri, sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza siku ya Jumapili. Nilipofika kwenye "akishazikwa" nikasikia kwa mara ya kwanza ninachokisoma, nikapunguza mwendo, na hapo kwenye "baba mpya" sikufika.

"Malizia," akasema mzee.

Nikamalizia. Watu walikuwa wameanza kusogea.

Akaeleza, tena bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Familia yote ilikuwa imekusanyika kwa chakula cha sikukuu. Mwanawe wa Mwanza akatoa zawadi. Wote wakapiga makofi. Mjukuu mmoja anayependa kusoma akaiona kadi, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Watu wakaacha kula.

"Na aliyekileta si mkubwa," akasema mzee. "Ni wa tatu. Mkubwa wangu aliinuka akatoka nje, mpaka leo hajamsemesha mdogo wake. Wakwe zangu wananiuliza naumwa nini. Mchungaji amekuja kuniona bila kuitwa."

Nikamwambia nakichukua kigoda na kumrudishia hela yake.

"Nikirudi bila kigoda watasema nimekiogopa. Nikikikalia watasema nimekubali. Nimekuja unieleze nifanye nini."

Nikamwambia, na Mungu anisamehe, kwamba naweza kumwandikia kadi nyingine. Mzee alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani, bila hasira, akishangaa tu amepitia mlango gani. Mtu ameweka ugomvi katika nyumba ya watu kwa mwandiko mzuri, na dawa aliyonayo ni mwandiko mzuri mwingine.

Ndipo mke wangu akainuka kwenye mkeka. Alikuja mbele, akapiga goti kidogo, akakipokea kigoda kutoka mikononi mwa mzee kwa mikono miwili. Akakata kamba ya kadi kwa meno. Akakiweka kigoda chini, katikati ya watu, akakikalia. Akanyoosha miguu, akavuta ungo wa mama wa maharage, akaanza kuchambua maharage, taratibu, kama yuko jikoni kwake.

Kwa mgeni hilo si kitu. Lakini zamani kwetu mwanamke hakukalia kigoda cha mwenye mji. Chake kilikuwa mkeka, au nyasi zilizotandikwa. Siku hizi nyumbani tunakalia viti vya plastiki sote na hakuna anayekumbuka, ila wazee wanakumbuka. Kigoda ambacho mwanamke amekichambulia maharage sokoni, mbele ya watu wa wilaya mbili, hakuna ukoo utakaomkalisha mrithi juu yake. Kimekuwa kiti tu.

Mzee alitazama. Alitazama maharage, alitazama miguu iliyonyooshwa. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekibana tangu sikukuu. Watu nao wakacheka. Akasema atakipeleka hivyohivyo, na mkewe naye atakikalia kwanza, watoto wote wakiangalia, halafu yeye ataotea moto juu yake mpaka achoke.

Kisha akamgeukia mke wangu, akavua kofia. "Mama, umenitoa kaburini. Wewe ni wa wapi?"

Mke wangu akafungua mdomo. Tangu upasuaji alikuwa hajajibu mtu sokoni. "Kihanga," akasema, au ule mkwaruzo ulisema.

Mzee akainama. "Sijasikia, mama."

Na hapo mimi, ambaye miaka yote nilikuwa sina neno la kumwambia mteja, nilipata maneno. Nilisema, mzee, huyu ni mke wangu, ni mzaliwa wa Kihanga, ni mwanakwaya, alifanyiwa upasuaji wa shingo wa kutoa rovu, sauti haijarudi, daktari amesema aipumzishe, tunategemea itarudi, asisumbuliwe kuongea. Nilisema yote bila kupumua, kwa mpangilio mzuri. Mzee alimpa pole. Watu waliosimama walimpa pole. Mke wangu aliinuka kwenye kigoda, akampa mzee, akarudi kwenye mkeka na kuvuta mtandio juu zaidi.

Njiani hakusema kitu, nami nikajiambia ni maagizo ya daktari. Tulipofika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, aliniita.

"Baba."

Nikasogea, maana kwa sauti ile ilibidi usogee.

"Umeniandikia na mimi kadi."

Nikataka kucheka, nikaona hachekeshi.

"Niliulizwa mimi," akasema. Alikuwa anasimama kila baada ya maneno machache, anavuta pumzi, anaendelea. "Mimi najua nilikozaliwa. Yule mzee alikuwa ameinama kunisikiliza. Angeinama tena. Kadi zako zinauza, nimeona. Haya. Sasa mimi nikae wapi?"

Nilikuwa nimezunguka na zile kadi wiki zote hizo nikijisifu kwamba namsaidia mgonjwa, na kila niliyoifunga nilikuwa namsogeza yeye nyuma kidogo, mpaka kwenye mkeka, mpaka jikoni. Nilisema kitu cha kweli nilichokuwa nacho. Nikamwambia nimeikosa sauti yake.

"Ipi?" akauliza. "Ile uliyokuwa unaisinzilia kwenye gari?"

Ndiyo hiyohiyo, nikasema. Kisha nikalia, na nililia vibaya, kwa makamasi, mtu mzima na vumbi la mbao kwenye nyusi. Yeye hakulia. Alinipa ncha ya kitenge chake, akaniambia nikachote maji.

Siku ya kurudi kwa daktari tulikwenda wote. Daktari alimwangalia koo kwa muda, akamwambia aseme "aaa," akamwambia ahesabu. Kisha akatuambia ukweli kwa upole. Kwa muda uliopita, alisema, haoni kwamba itarudi kuwa ile ya zamani. Inaweza kupata nguvu kidogo, lakini atakuwa na hiyo.

Nilifungua mdomo kuuliza. Nilikuwa na maswali, tena yamepangika. Nikaufunga. Nilisikia meno yangu yakigongana.

"Daktari," mke wangu akasema, "naruhusiwa kuitumia?"

"Unaruhusiwa, mama. Itumie. Haitaumia."

Njia nzima ya kurudi alikuwa amegeukia upande wa mashamba. Kahawa ilikuwa imeanikwa mbele ya nyumba nyingi. Nilijua analia kwa namna mtandio ulivyokuwa unatikisika, nikamshika mkono, na kwa bahati nzuri sikusema lolote.

Siku ya soko aliamka kabla yangu. Alizipitia kadi zote, moja moja, kwenye mwanga wa mlango. Za vigoda alizitia kwenye moto wa chai bila kuniuliza. Nyingine aliziacha, lakini alichukua mkasi akakata kila kitu isipokuwa jina la mti na namna ya kuosha. "Hayo mengine," akasema, "nitasema mwenyewe."

Kule Nkwenda alitandika mkeka wake mbele ya meza badala ya nyuma, pale watu wanapopita. Hakujifunga mtandio. Kovu lilikuwa wazi, jembamba, limepinda kidogo upande mmoja. Mimi nilikaa nyuma, mahali pake pa zamani, na ninakiri kwamba niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Siku ile niliogopa kwamba atakufa. Siku hii niliogopa kwamba watamcheka.

Waliomzoea walipita wakimpa pole kwa mkono, haraka haraka, bila kusimama. Kisha akaja mwanamke mmoja ambaye hatukumfahamu, mfanyabiashara kwa mavazi, mkoba begani. Alichukua bakuli, akageuza kadi mbele na nyuma akitafuta maelezo, akakuta hayatoshi. Akamtazama mke wangu.

"Mama, hili linafaa kuwekea matunda?"

"Linafaa," mke wangu akasema. "Na mboga, na ugali ukipenda."

Mwanamke akarudi nyuma nusu hatua. Kisha akatabasamu kwa huruma. "Pole, mama, una mafua makali."

Ulimi wangu uliinuka. Nilikuwa na rovu tayari, na daktari, na kwaya. Mke wangu hakugeuka nyuma kunitazama, ila niliona mgongo wake ukinyooka, na ile pumzi ya kuanzisha wimbo ikiingia.

"Si mafua," akasema. "Hii ndiyo sauti yangu. Sogea, tuongee bei."

Yule mwanamke alisogea. Aliweka mkoba chini, akachuchumaa kwenye ukingo wa mkeka, akainamisha sikio, wakaanza kuvutana. Mimi nilivipanga upya vijiko ambavyo vilikuwa vimepangika, nikavipanga tena, kwa sababu nilikuwa sivioni vizuri.